Bolti Iliyobaki

Fundi Nampunju kaenda Masasi harusini,
na kwa tunavyomfahamu, uraka ukimpokea
harudi kabla ya Jumatatu.
Hakusema Jumatatu ipi.

Kanta imelala uani tangu jana,
simtenki mbili mgongoni, tupu,
na ile taa nyekundu yenye sura ya betri
iliyonikodolea macho mteremko mzima wa Kitangari,
ikapanda nami, ikafika nami mlangoni.
Newala maji hukwea mlima kwa gari.
Gari lisipokwea, ndoo hupanga foleni peke yake:
naziona kibarazani kwa Bi Esha,
ya njano, ya bluu,
na ile iliyozibwa tako kwa plastiki ya kuyeyusha.

Mimi ni karani wa mizani.
Najua kilo za korosho, najua gunia lililotiwa mchanga,
najua na aliyeutia.
Injini naijua kama ninavyomjua mama mkwe:
kwa salamu, na kwa mbali.

Oltaneta imetoka Dar kwa basi la usiku,
imevishwa gazeti na mkono wa shati la mtu.
Si mpya. Muuzaji kaniapia kwa watoto wake;
nikamwomba Mungu awe nao.

Kwanza nikaisahau betri.
Spana namba kumi na nne ikagusa chuma hiki na kile,
cheche ikaruka, nikaruka, kuku akaruka.
Somoe yuko mlangoni, mwiko mkononi:
“Si ungechomoa waya kwanza?”
Na yeye injini kaiona leo, kabini ilipoinuliwa.

Waya zilikuwa tatu.
Nikachana kanga yake kuukuu nizitie alama:
mnene nikaufunga USINISE,
mwembamba nikaufunga NGENYE,
wa tatu ukapata pindo tupu, halina neno.

Bolti ya juu ilikuja kama mgeni aliyeitwa.
Ya chini haikutaka.
Nikainywesha mafuta ya taa, nikaisubiri,
nikaitukana kwa Kimakonde, maana Kiswahili haikusikia,
nikarefusha spana kwa bomba la baiskeli
nikaning'inia.
Ikalia mara moja, pa!
kama korosho ikipasuka motoni.
Ngozi ya vidole viwili ilibaki mle ndani.

Sharifa ananimulikia kwa simu.
“Baba, hii kazi yake nini?”
Gari likiwaka, namwambia, linakopa kwa betri.
Hii inazunguka, inarudisha deni.
“Kama chama cha msingi?”
Hapana, mwanangu. Hii hulipa siku hiyohiyo.

Jioni, USINISE imerudi nyuma yake,
NGENYE imeingia tunduni,
mkanda nimeubonyeza kwa kidole gumba,
sijui unatakiwa kubonyea kiasi gani,
nimeukubali ulivyo.
Betri tumeazima kwa mwenye mashine ya kusaga.
Nikageuza ufunguo.
Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikawaka,
na taa nyekundu ikazimika.

Hapa kwetu umeme ukikatika mtaa mzima huguna.
Leo taa imezimika, nami nashangilia
kama mtu aliyepungukiwa.

Ndipo Sharifa akaokota kwenye sinia
bolti moja, fupi, ya zamani.
“Hii je?”
Nikaitazama injini. Injini haikusema.
Somoe akaipokea, akaipima kiganjani
kama anayenunua dagaa,
akaitia kwenye kopo la vifungo.

Mtungini palibaki kikombe kimoja cha maji.
Kanipa ninawe.
Nikajisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa majani ya mpapai;
kikombe nikakirudisha kimejaa.

Alfajiri nateremka Kitangari, mkanda unapiga yowe.
Kwa Bi Esha mlango umefunguka,
mtu anazihesabu ndoo.
Kila kona nategea sikio chini ya kiti,
kutafuta mahali inapokosekana.