Mia Tano na Moja

Huanzia hapo, mia tano na moja.
Vishale huhesabiwa kinyumenyume,
namba zikiteremka kama mtu ashukaye ngazi gizani
akiutafuta sakafu kwa unyayo.
Struan wangu alikuwa na miaka kumi
wazee wa baa yetu ya Lochee walipomkabidhi chaki,
maana hapakuwa na mmoja wetu wa kutoa mia thelathini na saba
upesi kama yeye, nasi tumekwisha kulewa.
Mia tatu sitini na nne! Na mshale haujaacha kutikisika ubaoni.

Povu la kwanza nilimpa mimi.
Kwa ncha ya kidole. Akakunja uso, tukacheka sote.
Naliandika hili mapema, lisije likapata pa kujificha.

Vidonge sikumpa mimi.
Vya buluu, bei ya sahani ya chipsi,
kwenye ngazi za ghorofa letu,
kwa mvulana aliyekaa naye dawati moja.
Vodka ndani ya chupa ya sharubati, kidonge juu yake,
na Jumamosi ikafutika yote,
kisha Jumapili,
kisha Novemba.

Daktari Geddes alinichorea nyuma ya bahasha.
Ubongo, alisema, hujengwa kutoka kisogoni kuja usoni;
paji la uso huezekwa mwisho,
na fundi hashuki juu ya paa
kabla mtoto hajagonga ishirini na mitano.
Huko ndiko zinakofungwa breki.
Huko ndiko linakokaa neno "ngoja kwanza".
Na huku ndani, usawa wa sikio, yupo karani wa kumbukumbu:
pombe humfumba macho,
kidonge humfunga mikono.
Nikauliza, basi madhara ni mara mbili?
Akasema hapa moja na moja si mbili.
Nilingoja aniambie ni ngapi.
Akafunika kalamu.

Samaki mkunje angali mbichi, tumezoea kusema.
Ubichi hauchagui mkono. Hilo hatulisemi.

Sasa ana kumi na saba.
Siku mia mbili na tatu hajagusa kitu;
anazichora ukutani kwa penseli, kichwani hazikai.
Huacha birika jikoni hadi likauke na kunuka.
Huuliza zamu ya mama yake inaisha saa ngapi,
namjibu, anashukuru,
anauliza.
Hugombana na soksi. Hulizwa na tangazo la biskuti.
Kuna asubuhi hucheka kicheko chake kilekile cha zamani
na mimi hushika ukingo wa meza.

Alhamisi alitaka tuje wote.
Akaagiza maji ya machungwa.
Eck akampa chaki, hakusema neno.
Nikatupa: themanini na tano,
kutoka mia tatu sitini na nne.

Chaki ikagusa ubao, ikasimama.
Upepo wa mto Tay ulikuwa ukikwaruza kibao cha mlangoni.
Nilisikia friji. Nilimsikia Eck akimeza mate.
Midomo ya mwanangu ilikwenda, ikarudi, ikaanza upya.

Akaandika mia mbili tisini na tatu.

Wanaume saba tulikuwa pale, na kutoa tunajua.
Lachlan akaokota vishale vyake,
akasogea mstarini,
akauliza imebaki ngapi,
akasomewa,
akatupa.