Fremu Ishirini na Nne

Mtu wangu anateleza.
Nyayo haziikanyagi ardhi, zinaipangusa tu,
kama kitambaa juu ya meza ya hoteli.
Usiku wa tatu huu, hapa Uyole, baridi ya Juni
imenifika hadi vidole vya kuchorea,
na bado anatembea kama mzuka.

Asubuhi nikakaa kizingitini na daftari.
Subilaga akapita, debe la viazi kichwani,
akipanda njia ya vumbi kuelekea sokoni.
Sikumtazama usoni. Nilitazama kisigino:
kinatangulia, goti linalegea kidogo,
mwili unashuka, kisha unakumbuka
kwamba uko mguu mwingine, unainuka.
Nyonga huku, bega kule.
Debe halikutikisika.

"We Gwakisa, unanihesabia nini?"
"Hatua, dada."
"Hesabu na deni langu la mkaa."

Nikarudi kwenye kompyuta kabla umeme haujakatika.
Nikamwangusha mtu wangu, kila hatua, kidogo,
nikamdaka kabla hajafika chini.
Kumbe ndiko kutembea: kuanguka, ukiahirisha.
Nikamchorea debe. Shingo ikatulia.

Halafu nikalifuta.
Anakwenda sasa mikono mitupu,
fremu ya mwisho inamrudisha ya kwanza,
na shingo yake bado imelibeba.

Mguu wa kushoto una kasoro, unagusa mapema.
Nimeuacha.
Njia ile ina jiwe pale.