Nyuzi za Ijumaa

"Nyuzi ngapi leo?" mama huniuliza,
sindano mdomoni, kofia gotini,
nami hujibu: thelathini na sita.
Hucheka. Nyuzi zake yeye ni za hariri,
hununuliwa donge donge sokoni Ibra,
nyeupe, na ile ya rangi ya kahawa.
Zangu huzivua majini.

Hivyo ndivyo kazi yangu inavyoelezeka nyumbani kwetu,
kwa Kiswahili alichokuja nacho bibi ndani ya sanduku,
ambacho hakikuwa na neno la wadi.
Tukasema mto. Si mto.
Ni bonde la mawe, na maji hulipitia
kama mgeni asiyevua viatu.

Madimbwi saba, kutoka Muqal kushuka.
Katika kila dimbwi nimefunga chombo
kidogo kama kokwa ya tende, kwa waya, chini ya jiwe,
na kila nusu saa kinaandika joto.
Nusu saa. Wenye falaji hapa
tangu zamani hugawana maji kwa kipimo hicho hicho,
nao hukiita athar.
Nilipolisikia mara ya kwanza
nilidhani wananisemesha Kiswahili:
athari ya nani? Juu ya nini?

Samaki wenyewe hawafiki kidole.
Hawana soko, hawana mchuzi,
hata paka wa hotelini hawawageukii.
Hula ngozi iliyokufa miguuni mwa watu, basi.
Lakini Agosti, dimbwi likipungua likawa sinia,
nimewaona wamejipanga ukingoni, vinywa juu,
kama watoto wa shule kwenye bomba moja.
Nyuzi zikipita thelathini na nane
ninaacha kuhesabu walio hai.

Sasa, dimbwi la tano.
Halina mti. Mafuriko ya mwaka juzi
yaling'oa vichaka vyote vya habani.
Mstari wake hupanda kila adhuhuri bila haya.
Isipokuwa Ijumaa.
Ijumaa, baada ya sala, unashuka. Nyuzi tatu.
Ijumaa ya kwanza nikasema betri.
Ya pili, wingu.
Ya nne, Bwana Mas'oud wa ofisini hakuinua macho:
"Andika kosa la chombo, Zuweina, tufunge mwezi."

Nikaendesha gari.
Nikakaa nyuma ya jabali, chupa ya maji ikinichemkia pajani,
najiona mpumbavu: mtu mzima na shahada yake
anavizia kivuli.

Saa saba na nusu akaja
mtu wa shamba la tende la huko juu,
shati safi la siku ya mapumziko,
makuti matano ya mtende begani, ncha zikichora vumbi.
Akayalaza juu ya dimbwi moja moja,
kama anayemfunika mtoto asimwamshe.
Kisha akakunja suruali, akatia miguu,
akawaachia samaki wiki nzima iliyokufa.

Jina lake Shafiqul. Kiarabu chake kibovu,
changu kilikwama kwa aibu.
Akasema: siku nyingine kazi.
Akasema: jioni makuti ni ya mbuzi.
Akasema: kwetu mto mkubwa, huoni ng'ambo.
Akanyoosha kidole majini: machh.
Nikasema: samaki.
Tukarudia, kila mmoja neno la mwenzake, vibaya.

Sikumwambia kwamba mwezi mzima nimekuwa nikimsoma
bila kujua kwamba ni mtu.

Usiku nikafungua jedwali. Safu ya mwisho, maelezo,
ambayo huwa tupu.
Nikafuta kosa la chombo.
Nikaandika: kivuli, makuti matano, bila malipo.
Nikakaa. Nikaongeza:
tunaomba na Jumamosi mpaka Alhamisi.

Mama, kutoka chumbani: "Nyuzi ngapi?"
Tatu, mama. Zimepungua.
"Zikipungua," akasema, akiukata uzi kwa jino,
"huungwa."