Jina Kwenye Kola

Julai ya Iringa haina adabu.
Baridi inashuka toka mwamba wa Gangilonga,
inapita chini ya geti bila kuulizwa,
nami nimekaa na jiko la mkaa, rungu, daftari la wageni,
na koti la mtumba nililonunua Mashine Tatu
kwa bei ya debe la viazi.

Saa mbili usiku ilikuja teksi.
Kijana wa Kizungu, nywele rangi ya ndevu za mahindi.
Mkono wangu ulifungua kabla kichwa hakijaamka.
"Karibu, bosi."
Daftari sikuligusa.

Saa mbili na robo ikaja bajaji.
Mama mweusi, mrefu, kilemba cha kijani.
"Dada, unamtafuta nani?
Kitambulisho? Mwenyeji wako anajua unakuja?"
Nikammulika tochi usoni.
Ndiyo, usoni. Nisiseme uongo hapa.

Akatoa pasipoti ya buluu, akaileta kwenye mwanga
taratibu, mikono yote miwili ikionekana,
kama mtu aliyefundishwa utotoni
namna ya kutoa karatasi mbele ya tochi.
Chumba kilikuwa chake. Malipo yalikuwa yake.
Yule kijana alikuwa mwanafunzi wake.

Usiku ule nilimfikiria babu,
aliyeshika kamba ya geti la klabu ya walowezi kule Mufindi.
Kanuni yake ilikuwa fupi:
uso mweupe, inua mti;
uso mweusi, uliza kipande.
Walowezi wakaondoka, wakaacha chai na mikaratusi
na makaburi yenye majina marefu.
Kumbe kanuni haikupanda nao meli.
Ilibaki kwenye kiwiko cha babu,
ikahamia cha baba, ikanifikia mimi
bila hati, bila shahidi,
urithi pekee ambao ndugu hatukuugombania.

Kesho yake jioni alikuja na vikombe viwili vya chai ya rangi.
Kiswahili chake cha darasani, kimenyooka kama rula.
"Mimi Calloway. Wewe?"
"Lutangilo Kihwele."
Nikaanza kuomba radhi. Hakuwa akinisikiliza,
macho yake yalikuwa shingoni mwangu.
Ndani ya kola, kwa uzi mwekundu, mtu alishona jina.
CALLOWAY.
Mwaka mzima nimelivaa nikidhani ni jina la kiwanda.

"Ni ndugu yako?"
Alicheka bila kuonyesha meno.
"Kule Alabama kuna Calloway wa nyumba kubwa
na Calloway wa shambani.
Wa nyumba kubwa aliandika jina lake kwenye kila alichomiliki:
magunia ya pamba, nyumbu, babu wa babu yangu.
Siku ya uhuru babu alitoka na jina tu.
Ardhi ilibaki ilipokuwa.
Baba yangu akarudi vitani na medali, akaomba mkopo wa nyumba;
benki walikuwa na ramani,
mtaa wetu umezungushiwa wino mwekundu."

Akanywa. Mkaa ukalia kidogo.

"Mjukuu wa nyumba kubwa hajamchukia mtu maishani mwake.
Ni mtu mwema. Kila Krismasi anapeleka nguo kanisani.
Geti linamfungukia tu,
naye anadhani ni upepo."

Nilitaka kulivua koti. Baridi ikanikatalia.

Asubuhi kijana alirudi toka sokoni, parachichi mkononi,
anapiga mluzi.
Mkono ukaanza kuinuka.
Nikaushika kwa ule mwingine, kama mtu anayezuia mbwa wake mwenyewe.
"Kitambulisho, kaka."
Sauti ilinitoka nyembamba, ya mtoto aliyevunja chungu.

Akapapasa mifuko ya mbele, ya nyuma, ya shati.
Akacheka. Akaniangalia. Akaacha kucheka.
Hakuwa nacho.
Hakuna mtu, tangu azaliwe, aliyempa sababu ya kukibeba.

Nikafungua daftari,
nikamkabidhi kalamu.