Shuka ya Tatu

Cherehani hii ninayoizungusha kwa mkono
ilikuwa tiketi.

Babu mzaa mama, Mshangama bin Hamadi,
karani wa bohari ya karafuu pale Malindi,
mtu wa kanzu iliyotiwa wanga hata inasimama yenyewe,
alitumwa Bombay mwaka ule wa kumi na mbili
na daftari za hesabu, asizitoe kwapani.
Tajiri wake alipiga bongo siku mbili.
Daraja la kwanza si lako, alisema,
na sitaha ni aibu yangu.
Akamkatia la pili, kwenda na kurudi.

Bi Kalathumi alimfungia mkate wa kumimina
na pweza mkavu ndani ya kikapu,
maana chakula cha meli nani akijuaye?
Meli imetia nanga mbali, mashua ikamfikisha ubavuni.
Ngazi mbili zinaning'inia:
moja ina vishikizo vya shaba,
moja ni kamba tupu.
Nahodha wa mashua akauliza, Sheikh, ipi yako?
Babu akaitazama tiketi.
Tiketi haikusema.

Chumbani, kitanda cha chuma, na cha pili juu yake.
Beseni linalokunjwa ukutani kama dirisha.
Shuka tatu.
Ya kutandika aliijua, ya kujifunika aliijua,
ya tatu alikufa hajaambiwa ni ya nini.
Kitanda cha juu alilala Kaetano, Mgoa, fundi wa viatu,
aliyekoroma kwa Kireno.
Babu alisali ubavuni mwa beseni, na meli ikawa inageuka:
rakaa ya kwanza Makka iko dirishani,
ya nne iko mlangoni.
Alisema, Mola anajua mimi sikuhama.

Kengele ya chakula ililia mara tatu.
Ya kwanza si yenu. Ya pili si yenu.
Uma ameushika kama kalamu,
supu ni maji aliyokogea kuku.
Juu ya kichwa chake watu wanacheza dansi, anasikia visigino.
Chini ya miguu yake, kitunguu kinakaangwa,
na mtoto anachekeshwa mpaka anakwama pumzi.
Usiku akala mkate wa Bi Kalathumi
amejifunika gubigubi.

Siku ya tano akachukua pweza, akashuka.
Washihiri, Wabaluchi, mama mmoja wa Kikachi na jiko lake la mkaa,
wakasogea, wakampa pembe ya mkeka.
Unatoka wapi, bwana?
Akanyoosha kidole juu,
akakikunja tena.
Pweza alikwisha kabla hajajibu.

Yaliyobaki utayamaliza mwenyewe.
Bombay alikabidhi daftari, hesabu haikupungua hata pesa moja.
Njiani kurudi gatini akapita duka lenye kioo,
na kiooni, nyeusi, ina maua ya dhahabu kiunoni, imekaa
kama bi harusi.
Akaenda kwa wakala wa meli, akarudisha daraja,
akachukua la sitaha,
na tofauti akaitia mikononi mwa mwenye duka.
Siku kumi na moja alilala juani akiikumbatia.

Tajiri alimfukuza.
Si kwa wizi, alitangaza barazani,
ila mtu wangu ameshuka kwa ngazi ya kamba,
na mji mzima umemwona.

Bibi akashona. Kanzu za Idi za Vikokotoni nzima,
sanda pia, kwa wasio na kitu, bila ya malipo.
Nyumba hii imejengwa kwa uzi.
Mama akashona. Nashona mimi,
na sindano sasa natungiwa na wajukuu.

Watu husema babu yako alikuwa mwaminifu kupita kiasi.
Kweli.
Lakini kitambaa hiki kinachofunika cherehani usiku,
kizito, cheupe, chenye upindo wa mashine za Ulaya,
Mungu amsamehe,
nimekitia viraka vinne,
na sijapata kukiona kikiuzwa Darajani.