Damu Baada ya Mlima

Wasemao damu ni nzito kuliko maji
hawajawahi kuipima siku ya kumi na sita ya mashindano.

Hoteli ya Jaca, ghorofa ya pili, harufu ya mafuta ya kuchulia.
Oihan ameketi, nyayo zote mbili sakafuni,
chumvi imemchora ramani nyeupe shingoni.
Nina sindano. Sina ruhusa.
Ameshuka kwenye baiskeli saa kumi na moja na robo;
mpaka saa moja na robo, tutatazamana.

Damu inayotoka mlimani papo hapo huongopa:
ni sufuria iliyosahauliwa jikoni,
maji yametoroka kwa ngozi na misuli,
chembe nyekundu zimebaki zikisukumana,
kipimo kinapanda, na mtu hakula kitu ila upepo.
Basi tunangoja mchuzi utulie.

Ajabu kubwa huja na siku.
Mlima juu ya mlima, mwili hujifunza uchoyo,
huyaweka maji akiba mishipani,
mpaka chembe zilezile zinaelea
katika mto uliovimba.

"Mwaka jana nilianza na kumi na tano," anasema,
"nikamaliza na kumi na tatu na nusu.
Mama aliziona tarakimu,
akanilisha maini mwezi mzima."
Anacheka, anakohoa.
"Nikishuka, nyumbani mimi ni mgonjwa.
Nisiposhuka, kwenu mimi ni mwizi."

Sijibu. Kazi yangu ni mrija, si tafsiri.

Baba yangu alikamua matofaa kule Astigarraga.
Mwaka ambao miti iligoma kuzaa
alizimua pombe yake kwa ndoo nne za kisimani.
Mzee Patxiku akaonja funda moja, akalitema,
na hadi leo sisi ni watu wa Nyumba ya Kisima.
Nikakua, nikaapa sitauza kilichozimuliwa.
Tazama sasa: nazunguka milimani
nikitumaini damu ya kijana huyu imezimuka.

Saa moja na robo.
Amesinzia kitini, kinywa wazi,
mshipa umesimama kama kamba ya kengele.
Namgusa bega. Nachoma.
Inakuja haraka, nyekundu tu, kama ya mtu yeyote.
Jicho halijui nani ameitia maji,
mwili wenyewe
au mfuko wa maji ya chumvi uliofichwa chini ya godoro.
Hilo wataulizana walio maabara,
wenye kurasa zake za miaka sita,
wasiomjua jina.

Naupindua mrija polepole, mara nane,
naulaza sandukuni, nyuzi nne za baridi.
Anavuta soksi, ananiuliza kama kesho kutanyesha.

Chini, Gaizka amewasha gari.
"Vipi?"
"Ilikuwa na joto," namwambia.
Kibandiko cha namba kimenigandia kidoleni,
nakibandua hadi tunaliacha daraja nyuma.