Gando la Kushoto

Msimu ule mwandishi nilikuwa mimi.
Daftari la hesabu la mwanangu, kurasa za nyuma,
penseli iliyotafunwa kichwa:
tarehe, bamvua au maji mafu,
nani alipata nini, nani ana deni la barafu.

Tulikuwa wanne wa Matondoni.
Famau, muezeka makuti, mwenye kicheko cha kufukuza samaki.
Lali, aliyeachishwa kazi kivukoni
na tangu siku hiyo tukamwita Meneja.
Skanda, ambaye ujanani alimtoa pweza mwambani
kama mtu atoaye mkono wake mfukoni.
Na mimi, niliyejua kuandika.

Jumamosi mikokoni, viopoo begani,
matope hadi mapajani.
Tope la mkoko lina adabu yake:
hudai kiatu kimoja, kamwe si viwili.

Jumapili mashambani, kutega kwale,
tanzi kumi na nne za uzi wa mshipi.
Ukurasa wa sita unasema:
*Kwale, hakuna. Kuku mmoja, wa Mwana Hidaya.
Tumelipa shilingi mia nane.*
Lali alijitetea: kuku yule alikuwa na tabia za kwale.
Mwana Hidaya akasema wenye tabia za kuku ni sisi,
kutwa kuparura,
magharibi kurudi bandani.

Ukurasa wa tisa una doa la maji ya chumvi.
Siku hiyo kina kilikuwa cha magoti, maji maangavu,
pweza yuko kushoto,
mkuki wa Skanda ukaenda kulia.
"Amekimbia," akasema.
Pweza hakuwa amesogea.
Akachoma tena, akapata jiwe,
na ule mlio wa chuma juu ya jiwe
ulitutia haya sisi, si yeye.

Hatukushauriana.
Wakati wa kurudi Famau alijikwaa karibu na kapu la Skanda;
alipoinuka, kapu lilikuwa zito zaidi.
Wiki ya pili Lali naye akaanza kujikwaa.
Mimi nikajikwaa kwa penseli:
*Skanda, kaa watano.
Skanda, pweza mmoja, mkubwa.*
Miaka kumi na mmoja nimeshika hesabu za msikiti
bila kupotea hata senti.
Msimu ule nilikosea kila Jumamosi.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kuandama
Skanda alitualika kwake.
Kaa wa tui, pilipili mbichi, wali umetuama siniani.
Alikula taratibu, vidole vikitangulia kusoma.

"Famau," akaita, "wewe kila kaa umkamataye,
tangu tuko chuoni, kwa woga wako,
huanza kumvunja gando la kushoto. Au naongopa?"
"Kweli kabisa," Famau akajibu, mdomo umejaa,
hajauona mtego.
"Basi msimu mzima
nimeleta nyumbani kaa wa gando moja, la kulia.
Mikoko yote imepatwa na nini?"

Hapana aliyetafuna.
Nje punda alikohoa.
Mkewe akainamia bakuli kama anayetafuta pete.

Skanda akanigeukia,
au aligeukia pale alipokisia kuwa nipo.
"Una daftari hapo? Andika deni."
Nikaandika, mkono una mafuta:
*Kaa thelathini na wanane. Pweza saba.*
"Pweza nisameheni," akasema. "Pweza anataka macho."

Juzi bamvua limerudi.
Skanda ametangulia,
mkono mmoja begani kwa Lali,
mwingine umezama shimoni hadi kwapani,
bila kiopoo, shavu limelala topeni.
Amenyamaza sana. Famau anaanza kusema neno,
namkanyaga mguu.

Kisha Skanda anapiga ukelele, anacheka, anatukana,
anamtoa kaa ananing'inia kidoleni,
damu inachuruzika,
magando yote mawili mazima.
Anapapasa kapu la Famau, anamtumbukiza.

"Mmoja," anasema.
"Bado thelathini na saba."